Mashine ya Ujiji Utaifunga Mwenyewe

Mwanangu Milembe,

Tiketi yangu nimeirudisha. Mchana huu, ulipopanda gari kwenda Isikizya kumuaga bibi yako, nilijitanda kanga nikaenda stesheni, nikamwambia yule kijana wa dirishani kwamba abiria mmoja hasafiri. Akaniuliza, "Unaumwa, mama?" Nikamwambia siumwi. Akanitazama kama mtu mwenye swali la pili, kisha akaliacha. Kwa hiyo kesho treni ya Kigoma itakuchukua wewe na sanduku lako la vifaa, na mimi nitabaki nimesimama pale pale utakaponiacha. Asubuhi nitakuambia kwa maneno mawili tu, siendi mwanangu, kwa sababu nikiongeza la tatu nitalia, na ukiniona nalia utanikokota mpaka ndani ya behewa. Maelezo yenyewe ni haya. Yasome ukishapita Urambo, mahali ambapo kurudi kwa miguu kuja kugombana nami utaona uvivu.

Majirani nitawaambia ni kwa sababu ya mbuzi. Mama Shabani ameshaanza kuniuliza nani atawachunga nikiondoka, kwa hiyo jibu lipo tayari na litamfurahisha. Wewe usilishike. Mbuzi wangechungwa.

Najua ulivyopanga. Tangu wale akina mama wa Ujiji wanaotengeneza sabuni ya mawese walipokupigia simu na kukutumia picha za ile mashine iliyolala ghalani tangu mwenyewe afariki, ulikuwa na wimbo mmoja: "Mama, tutaifunga wote." Wanataka lebo na karatasi za kuvika sabuni zao. Mashine ikisimama ikachapa, chumba hicho cha uchapaji ni chako, utakiongoza wewe. Isiposimama, wataiuza chuma chakavu na wewe utarudi nyumbani. Picha nimeziona. Kutu imetembea kila mahali, rola zimeliwa na panya, mguu mmoja umezama sakafuni. Na wewe katika maisha yako umeshughulika na mashine moja tu, hii ya chumba cha mbele hapa Ng'ambo, Tabora, ambayo tabia zake unazijua kuliko unavyowajua baadhi ya wajomba zako. Mtu yeyote mwenye akili angesema mama aende. Hata mimi nilisema, nikafunga na begi.

Habari za kula vizuri na kufunga mlango sitakuandikia, zile umezisikia tangu una meno ya utotoni. Za wanaume tulishazungumza, na zilizobaki utajionea.

Kilichonipeleka stesheni ni jambo la jana. Ulikuwa unaiandaa mashine kwa lebo za asali za akina mama wa Isikizya. Sijui kama ulijua nimesimama mlangoni na kikombe chako cha chai muda wote ule. Nilikuona ukipanga herufi za risasi kwenye fremu, ukamweka katikati yule nyuki uliyemchonga mwenyewe kwenye kipande cha mninga, ukakaza kabari pande zote, moja baada ya nyingine, kidogo kidogo, bila kuibana moja ikaionea nyingine. Ukaigonga fremu kwa kidole ukasikiliza. Ukachapa karatasi moja. Hukuitazama usoni. Uliigeuza, ukafumba macho, ukapitisha vidole mgongoni mwake, polepole, kama mtu anayemtafuta mtoto uvimbe kichwani baada ya kuanguka. Palipozama sana ulipaweka alama ya penseli. Palipogusa kwa woga ulipaweka alama nyingine. Kisha ukachukua ile karatasi laini ya kwenye boksi la viatu, ukachana kiraka kwa vidole. Hukukata kwa mkasi. Mkasi unaacha ukingo, na ukingo utaonekana kwenye chapa. Hilo sikumbuki kama nilikufundisha, nadhani uliligundua peke yako. Ukakipaka uji wa muhogo, ukakibandika nyuma, chini ya karatasi ya kutegemezea, mahali penyewe hasa, ukafunika.

Nilikuwa nimeshika kikombe na nilikuwa na furaha, Milembe. Nasema wazi. Nimeona mafundi wengi, nimeona wanaume wenye vyeti wakiipigia kelele mashine kama punda aliyegoma. Sijaona mtu anayeiandaa kwa adabu kama yako.

Ukachapa ya pili. Bawa la kushoto la nyuki lilikuwa bado limefifia. Uliliona. Najua uliliona, kwa sababu mkono wako ulikuwa tayari unakwenda kwenye karatasi laini. Na mimi, bila kuwaza, niliweka kikombe chini nikasogea mbele.

Ukanipisha.

Hukuguna wala hukukunja uso, ndiyo maana nimelala nalo. Mwili wako ulisogea wenyewe pembeni, kama mtu anavyompisha mzee njiani. Ukanikabidhi ufunguo wa kukazia kabari, ukachukua kitambaa cha wino, na kwa muda wa kupepesa jicho fundi aliyekuwa ananishangaza akawa msaidizi wangu. Nikabandika kiraka mahali pale pale ambapo wewe ungekibandika. Ukasema, "Asante, mama." Lebo zikatoka nzuri sana. Wewe ukaendelea na kazi ukipiga mluzi, na mimi nikarudi kumwaga chai iliyopoa.

Nikajiuliza, itakuwaje Ujiji? Mashine imelala, akina mama wale wamekaa kwenye mabenchi wanaangalia nani ni fundi. Kila utakapofika mahali pagumu utageuka, na mimi nitakuwepo. Utanipisha mpaka mwisho. Ikisimama watasema mama yake ndiye aliyeisimamisha, nami nitakapopanda treni kurudi huku nitakuwa nimeondoka na fundi wao.

Ngoja nikuambie nilivyojifunza mimi, maana umesikia nusu nusu.

Nilipokuwa na umri wako nilikunja karatasi kwa Mzee Vallabh, yule Mhindi aliyekuwa na duka la uchapaji karibu na soko, kabla hujazaliwa. Kazi yangu ilikuwa kukunja, kupanga, na kufagia. Siku moja mpanga herufi wake hakuja, mzee akaniita, "Binti, njoo." Akanionyesha mara moja jinsi ya kufunga fremu na kuandaa bamba linalokandamiza karatasi. Mara moja tu. Kisha akachukua kiti, akatoka barazani, akakaa ametupa mgongo wake kwetu, akaanza kunywa chai ya tangawizi aliyoletewa na mkewe, Bi Kanta. Nikamfuata na swali. Akasema bila kugeuka, "Mashine iko ndani, mimi niko nje. Kaulize ndani." Nilimchukia siku ile. Nilisema huyu mzee ananidharau, au ni mvivu, au vyote viwili.

Kwa hasira nikafanya kosa ambalo kila mwanafunzi wa kazi hii analifanya, nikadhani chapa nzuri ni chapa yenye nguvu. Palipofifia nikaongeza karatasi nyuma. Palipofifia tena nikaongeza. Mwisho mashine ilikuwa inakandamiza mpaka sakafu inaitikia, na herufi moja kubwa ya mti, ya zamani, iliyokuja na meli kabla babu yangu hajaoa, ikapasuka katikati. Nikaibeba vipande viwili mkononi nikampelekea barazani. Nilikuwa nimeshajiandaa kufukuzwa. Akavitazama, akanywa chai yake, akaniambia, "Karatasi ni mgeni amekuja kwako. Mgeni unampa mkono. Humvunji mkono." Akanirudishia vile vipande niende navyo ndani. Kesho yake akakaa tena barazani, mgongo kwetu.

Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba alikuwa anasikiliza. Masikio yake yote yalikuwa ndani. Siku nilipoipata sawa kwa mara ya kwanza, kabla sijapiga kelele za furaha, nilimsikia huko nje akimwambia mkewe kwa Kihindi chao neno moja, na Bi Kanta akaniletea kikombe cha chai kama cha mzee. Alipohamia kwa watoto wake Dar es Salaam, mashine aliniachia mimi, akawapita wanaume wawili walionizidi umri. Ndiyo hii unayoijua.

Ungetegemea basi kwamba mimi niliyelelewa hivyo ningekulea nawe vivyo hivyo. Wapi! Wewe nilikufundisha kwa pupa. Ulikuwa hujafika hata kwenye usukani wa mashine bila kusimama juu ya kreti la soda, na tayari nakunyang'anya ufunguo. Ukikaza kabari kombo, mkono wangu umefika. Ukiweka wino mwingi, mkono wangu umefika. Baba yako, akiwa barazani anaziba pancha za baiskeli za watu, alikuwa ananiambia, "Mama Milembe, mwache mtoto akosee kidogo. Makosa hayajaadimika." Nami namjibu kwamba karatasi ndizo zitakazoadimika. Nilijiona hodari wa kujibu.

Sasa nikukumbushe msiba wake. Tumeuzungumza mara chache, na kuna upande wake ambao huujui, kwa sababu wewe ulikuwa upande wa pili wa ukuta.

Alikufa ghafla, ukiwa kidato cha nne. Tulikuwa tunampeleka kwao Lusu kuzikwa. Mvua ilikuwa imeangusha nguzo, Ng'ambo nzima haina umeme, na zile stesheneri zote zenye kompyuta zimefunga milango. Mzee wa kanisa akaja akaniinamia mkekani, akasema, "Mama, ratiba ya ibada tutaisoma kwa mdomo tu, watu wataelewa." Nikasema sawa. Mimi wakati ule ningekubali hata azikwe bila wimbo. Nilikuwa nimekaa katikati ya wanawake, kanga kichwani, na mfiwa haamki mkekani, unajua mila. Kupika hupiki, kufagia hufagii, unakaa na huzuni yako, wengine wanafanya.

Halafu nikasikia komeo la chumba cha mashine likifunguliwa.

Nilikujua kwa hatua. Nikasikia droo za herufi zikivutwa, moja, nyingine, zikirudishwa. Nikasikia kabari. Wanawake walikuwa wanaimba, na mimi badala ya kuimba nilikuwa nafuata kazi yako kwa masikio. Kisha kanyagio likaanza kulia kwi, kwi, rola zikapita, na mashine ikapiga. Du. Sauti nzito, ya tumboni. Du. Nikajua hapo hapo kwamba umejaza karatasi mno nyuma, kosa lile lile langu la kwa Mzee Vallabh. Na nikajua pia umetumia herufi kubwa za mti kwa jina la baba yako, maana hatuna nyingine za ukubwa ule. Zingepasuka.

Nikaanza kuinuka. Shangazi yako Kalunde akanishika bega. "Wifi, kaa."

"Anavunja herufi."

"Zivunjike. Kaa chini."

Ndipo akaingia Mama Bukuru, yule Mha wa sokoni anayeuza mawese na dagaa, mtani wetu. Unakumbuka alivyokuja. Amevaa koti la baba yako, kashika pampu ya baiskeli, anachechemea vile vile kama yeye. Akasimama katikati ya wafiwa akasema, "Nani anayelia humu? Nimetoka kidogo tu kuziba pancha, nakuta mmeshanizika!" Watu wakacheka machozi yakiwatoka. Akaendelea, "Nyie Wanyamwezi, babu zenu walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani. Leo mtu mmoja mwembamba hivi, mpaka Lusu tu, mnataka basi?"

Nikamvuta koti. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mtani, nakuomba, nenda mwambie mtoto apunguze karatasi za nyuma. Anakandamiza mno."

Akaenda. Nikasikia sauti zenu, sikushika maneno. Akarudi, akashika kiuno mbele ya wanawake wote, akatangaza, "Fundi anasema hivi! Mama akae alie, kazi yake leo ni kulia. Kazi ya huku ina mwenyewe."

Wote wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, Milembe. Tangu baba yako afumbe macho sikuwa nimecheka wala kulia sawasawa, nilikuwa kama mti. Mpaka leo sijui kama maneno yale uliyasema wewe au aliyatunga yeye kwa haki yake ya utani. Nimemuuliza mara nyingi. Anasema nimpe jogoo kwanza. Na wewe sitaki uniambie, maana yote mawili nayapenda.

Baada ya pale mashine ikanyamaza. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Kelele ya kosa inavumilika, unajua angalau mtu anafanya kitu. Ukimya hujui. Huenda imepasuka. Huenda umekata tamaa, umekaa sakafuni unalia kwa ajili ya baba yako na hakuna mtu karibu. Niliikalia mikono yangu. Sisemi kwa mfano, niliiweka chini ya mapaja nikaikalia, na Kalunde akadhani nasikia baridi, akaniongezea kanga. Nikasikia karatasi ikichanwa. Kidogo, polepole. Nikasikia tena. Nikajua umeondoa zote ulizozijaza na sasa unaweka viraka, kimoja kimoja, ulichotakiwa kufanya tangu mwanzo na ambacho hakuna aliyekuambia. Kisha kanyagio, rola, na mashine ikagusa kwa sauti ndogo, safi, kama mtu anavyofunga kitabu alichomaliza kukisoma. Ikaendelea hivyo mpaka wanawake wakabadilisha wimbo mara nyingi.

Karatasi yangu niliipata ndani ya basi. Sikuisoma. Niliigeuza nikapitisha kidole mgongoni. Jina la baba yako lilikuwa sawa tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, halikuzama wala halikuogopa popote. Hakuna herufi iliyopasuka. Nikalia kuanzia hapo mpaka Nzega, na watu wakasema afadhali, amelia. Walidhani namlilia yeye tu. Nusu yake ilikuwa fahari. Binti yangu, siku ya kumzika baba yake, bila umeme, bila mwalimu, akiwa amekosea kwanza, alitulia akaisikiliza kazi mpaka ikamwambia. Nilitaka nisimame katikati ya basi lile niwaambie watu. Tulipokaa pamoja jioni nikakuambia tu, "Zimetoka vizuri." Ukasema, "Ndiyo." Sisi ni watu wa ajabu.

Ungedhani nilijifunza. Sikujifunza. Matanga yalipokwisha niliamka mkekani, nikarudi chumba cha mbele, na mkono wangu ukarudi mahali pake. Umekuwa ukinipisha tangu wakati ule, mpaka jana.

Sasa kuhusu hiyo mashine. Ukweli ni kwamba siijui. Ukiniuliza nitakujibu, kwa sababu mimi nina kinywa cha kujibu, lakini nitakuwa nakujibu habari za mashine ya Ng'ambo. Hebu nikuchekeshe. Kuna mwaka niliitwa Nzega kumsaidia mtu kufunga mashine kama yetu. Nilikwenda na heshima zangu zote, nimevaa gauni la kanisani. Unajua hapa kwetu chini ya mguu wa nyuma wa kushoto tunaweka kipande cha ubao, maana sakafu yetu imelala upande ule. Nimeishi na ubao ule miaka, nikasahau kwamba ni dawa ya sakafu, nikaamini ni kiungo cha mashine. Basi nilipofika Nzega, jambo la kwanza, nikaomba ubao. Nikausukuma chini ya mguu ule ule. Sakafu ya mtu yule ilikuwa imenyooka kama meza! Chapa ikatoka nzuri upande mmoja na upande mwingine hakuna kitu. Nikalaumu rola. Nikalaumu wino. Jioni nikawa nalaumu ukoo wa mwenye mashine. Mkewe, aliyekuwa anapita na ndoo, akauliza kwa heshima zake, "Shikamoo mama. Huo ubao ni wa nini?" Nikautoa, ikachapa. Nilirudi Tabora na gauni langu la kanisani limejaa wino, na hadithi hii baba yako pekee ndiye aliyeijua, akaenda nayo.

Kwa hiyo ukifika Ujiji usianze na ubao wa mtu. Kaa nayo kwanza. Isafishe hata sehemu unazojua hazina kazi, maana katika kuzisafisha utakuta zina kazi. Igeuze kwa mkono, taratibu, ikiwa bado haina herufi wala wino, uisikie inapokwama. Itakukasirisha. Yetu pia ilinikasirisha, wewe ulizaliwa tumeshapatana ndiyo maana unadhani ni mpole. Na kama itashindikana kabisa, kama kuna kitu kimevunjika ndani ambacho hakuna wa kukiunga, useme hivyo mbele ya wale akina mama bila kuficha uso. Kuna mashine zilizokufa. Hilo halitakupunguzia kitu machoni mwangu.

Waha watakutania, jiandae. Watakuuliza mzigo wako umeubebea kichwani au begani. Watasema njia hiyo mababu zako waliikanyaga mpaka wakasahau kuvaa viatu, mpaka Ujiji, na wewe unakuja umekaa kwenye kiti kama mke wa bwana shauri. Wajibu. Usinune, maana mtani akiona umenuna anaongeza. Na kuna kitu bibi yako alikuwa akinisimulia kuhusu njia hiyo, kwamba wanawake pia waliifuata, vyungu na mikeka kichwani, na kwamba wengine walifika Ujiji wakapapenda wakakaa. Nilipokuwa mdogo niliona ni hadithi ya kuchekesha tu. Leo mchana nikitoka stesheni nimeifikiria njia nzima, na haikunichekesha.

Nimekaribia mwisho, na nimebakiza lililo zito.

Nimekuambia siji ili usinipishe. Ni kweli, ningeweza kuapa kanisani. Lakini si yote, na wewe ukisoma utajua si yote, kwa hiyo bora niseme. Ninaogopa, Milembe. Siogopi kwamba mashine itakushinda. Ikikushinda utarudi, nitakupikia ugali na mlenda, nitakupa pole, na ndani ya moyo wangu nitakuwa nimefurahi kwamba umerudi. Hicho ndicho ninachokiogopa, hiyo furaha. Tangu ulipokubali kwenda nimekuwa namwomba Mungu vitu viwili visivyokaa chungu kimoja. Asubuhi naomba uweze. Jioni nikiosha vyombo vya watu wawili najikuta sijui naomba nini. Mtu mwenye moyo wa namna hiyo hafai kusimama karibu na mashine yako na ufunguo mkononi. Singekuharibia kwa makusudi, hilo unalijua. Lakini ningekusaidia kidogo kuliko inavyotakiwa, au kupita inavyotakiwa, ili kesho uniite tena, na wala nisingejua kwamba nafanya hivyo.

Mashine ile ikisimama, hutarudi kukaa hapa. Utakuja kusalimia, utaleta mawese na dagaa, utalala siku mbili, utasema kazi imekaa. Nimelijua hilo tangu siku uliponionyesha picha zile, kwa jinsi ulivyokuwa unazikuza kwa vidole kutazama mguu uliozama. Hukuwa unaangalia kutu. Ulikuwa umeshaanza kazi.

Nasikia gari la Isikizya linashusha watu barabarani, utaingia sasa hivi ukisema una njaa. Naikunja.

Isimamishe, mwanangu. Mimi nitazoea.

Anayekupenda na anayekushangaa,
Mama yako